Korongo wa Betsiboka na Kidole Changu

Watu wapenda ndege huwa nawaogopa. Bado sijaona hata mmoja aliyempenda ndege akamwacha alipo. Wa kwanza niliyemjua alikuwa vazaha, ndivyo Wamalagasi wanavyomwita mzungu, aliyefika Mahajanga katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, bendera mpya ikiwa bado haijapauka. Alikuwa na darubini mbili shingoni, buti za kufika magotini, na kibali kilichotolewa na ofisi ile ile ya enzi za Wafaransa, na karani yule yule, juu ya meza ile ile. Kilichobadilika ni mhuri. Karani aliniambia kwa fahari kwamba siku hizi nchi ni yetu, kisha akabaki amesimama wima mpaka vazaha alipotoka mlangoni.

Bwana huyu alikuja kutazama korongo. Sipigi chuku. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye mke na nyumba kwao, alivuka bahari zote hizo ili aone korongo wanavyosimama matopeni. Kwetu mtaa wa Mangarivotra habari ilizunguka mitaa yote kabla ya adhuhuri, na kila mtu akawa na tafsiri yake. Muuza samaki alisema huyo ni jasusi. Jirani yetu wa pili alisema huenda amefiwa na akili zimemruka. Shangazi yangu, aliyekuwa akinilea, alisema ni uvivu tu, maana mwenye kazi kwake haendi kukodolea macho ndege wa watu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilijiona nina akili kuliko wote hao pamoja na vazaha mwenyewe. Nilizaliwa Marodoka, kisiwani Nosy Be, katika moja ya familia zile zilizotoka Ngazija zamani na kubaki. Baba alipofariki nililetwa Mahajanga kwa dada yake ili nisome. Nyumbani tulisema Kingazija, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia kilikuwa cha bibi yangu wa Marodoka, naye alikuwa nacho vipande tu: maneno ya dini, ya biashara na ya bahari. Kisiwa kizima cha Wamalagasi alikiita Bukini, akakitamka kana kwamba hakukaa humo miaka sabini. Vilivyosalia nilijifunza ukubwani, nilipoolewa ng'ambo ya pili ya bahari, kwa Waswahili.

Shule nilikuwa nimemaliza, na vyema. Nilikuwa na mwandiko mzuri na mkono wa kuchora. Shangazi alikuwa ameshanitafutia mume, jamaa yetu mwenye duka la vitambaa, ambaye mazungumzo yake yote yalikuwa mawili, upana wa kitambaa na maumivu ya tumbo lake. Mimi nilitaka chuo cha ualimu Antananarivo. Niliandika kuomba nafasi, wakanijibu kwamba alama zangu zinatosha, ila nilete barua ya mtu mwenye hadhi aliyewahi kuisimamia kazi yangu. Walimu wangu walikuwa wamekwisha panda meli kurudi kwao. Na kila mtu alijua nini maana ya mtu mwenye hadhi. Uhuru ulikuwa umefika kwenye nyimbo na kwenye stempu, lakini kwenye sentensi hiyo ulikuwa haujafika.

Kwa hiyo niliposikia vazaha wa korongo anatafuta mtu wa kumwandikia na kumchorea, nilikuwa mlangoni kwake siku hiyo hiyo. Nikamwambia sitaki kitu kingine, nataka barua. Akacheka, akasema wiki sita mtoni, na mwisho wake barua. Nilirudi nyumbani nikijiona tayari nimeshaupanda mlima wa kwenda mji mkuu.

Shangazi alikubali kwa sharti moja: na yeye aende. Msichana wa watu hatakaa ndani ya chombo na wanaume wawili, hata kama mmoja ni mzee na mwingine ana upondo mkononi. Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi, kwa wiki sita, shangazi alijifunga shiramani mbili, zile leso zetu za Kingazija, akajipaka usoni msindanu wa msandali uliosagwa, akachukua mwavuli wake mweusi, tasbihi na kapu la chakula, akaketi katikati ya ngalawa kama mwenye chombo. Ndege aliwachukia. Matope aliyachukia zaidi. Mto wa Betsiboka, kwa asiyeujua, una maji mekundu kwa udongo unaoshuka nao kutoka bara, na ukifika karibu na bahari unatawanyika ndani ya mikoko kwa njia nyingi, kila moja na tope lake. Shangazi alilalamikia kila tope kwa nafsi yake.

Mwenye ngalawa alikuwa Msakalava wa Katsepy, kijiji cha wavuvi ng'ambo ya ghuba. Mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, asiyesema neno mpaka aulizwe mara mbili. Nilimwita zoky, kama unavyomwita mkubwa wako kwa Kimalagasi, naye akaniita zandry, mdogo wangu. Vazaha alimwita "wewe".

Nitasema haki: ndege wenyewe walikuwa wa kutazamwa. Maji yakipwa, kingo za tope zilijaa. Kulikuwa na yangeyange wadogo wakikimbiakimbia na miguu ya manjano, korongo wa kijivu waliojikunja shingo kwa hasira zao, na wale weusi wadogo ambao wakitaka samaki hukunjua mbawa zote mbili juu ya kichwa, wakafanya kivuli, samaki akajileta. Shangazi alipomwona huyo wa kivuli kwa mara ya kwanza alikuwa chini ya mwavuli wake, na sote tukatazama kule, kisha tukamtazama yeye. Zoky aliinamisha uso akajifanya anakomba maji ya ngalawa. Shangazi akafunga mwavuli, akakaa juani mpaka adhuhuri.

Vazaha aliongea na ndege kwa Kilatini. Nilisoma kwa masista, Kilatini nakijua kikisikika, na nawahakikishia kwamba korongo hawakumjibu. Kila kitu alikijua kabla ya kukiona. Siku moja tuliwaona yangeyange wawili, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya mkaa, wakigombea tawi moja. Vazaha akaniamrisha niandike aina mbili. Zoky, bila kuulizwa hata mara moja, jambo la ajabu kwake, akasema hapana, hao ni wa mama mmoja, kiota kimoja hutoa mweupe na mweusi, kila mwaka anawaona. Nikatafsiri. Vazaha akatabasamu namna ile wanavyotabasamu wakubwa mtoto akisema mwezi unamfuata. Nikaandika aina mbili. Nilikuwa nataka barua.

Lakini alichokitaka hasa kilikuwa kingine. Katika mto ule kuna korongo mmoja mkubwa, mzito, wa rangi ya wingu la mvua, mwenye mdomo mnene, ambaye hawezi kuchanganywa na mwingine. Vazaha alitaka kiota chake na mayai yake. Alisema wenzake huko kwao hawajakiandika sawasawa, na atakayekiandika jina lake litakaa vitabuni. Alilisema hilo siku ya kwanza kabisa, mbele yetu sote, na macho yake yakawa ya mtu anayenusa chakula.

Akaniambia nimuulize mwenye ngalawa viota viko wapi. Nikauliza. Zoky akaendelea kupiga upondo. Nikauliza mara ya pili. Akatema tumbaku majini, akainua mkono wa kushoto, akakikunja kidole cha shahada mpaka ncha ikagusa kiganja, na kwa kile kifundo kilichochomoza akaonyesha kisiwa kidogo cha miti mirefu, upande wa pili wa mkondo. Akashusha mkono mara moja.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwa Wasakalava, makaburi ya mababu na mahali patakatifu hapanyooshewi kidole. Ni fady, mwiko. Ukilazimika kupaonyesha, unakunja kidole. Mimi nililijua hilo tangu Nosy Be. Nikiwa na miaka sita au saba, mama alinichukua kwenda kwa rafiki yake anayeishi karibu na ziwa moja la juu, ziwa lenye mamba wasiouawa, nami kwa furaha nikalinyooshea kidole. Yule mama wa Kisakalava aliacha alichokuwa akikifanya, akaja, akanikamata kidole, akakikunja kwa nguvu mpaka kikaniuma, akaniambia sasa onyesha. Nikaonyesha kwa kifundo. Akanipa kipande cha muhogo. Mama hakumgombeza. Sisi ni Waislamu na miiko hiyo si yetu, lakini tulikuwa tunaishi kwa watu.

Kwa hiyo nilipoona kifundo cha zoky nilijua mambo mawili kwa pamoja: viota viko kwenye kile kisiwa, na kile kisiwa kina makaburi. Nilifungua mdomo nitafsiri. Vazaha akanikatiza. Alikuwa amekwisha fahamu. Kidole kilichopinda, akasema, maana yake ni kona ya mto. Viota viko nyuma ya kona. Akachora mshale kwenye ramani yake kwa penseli nyekundu, akajipongeza kwamba ana kipaji cha kuelewana na watu wa mahali popote.

Nikamtazama zoky. Zoky akanitazama. Aliona kwamba nimejua, na nikaona kwamba ameona. Nikafunga mdomo. Ngoja niwe mkweli: sikunyamaza kwa heshima ya makaburi. Nilinyamaza kwa sababu ilinifurahisha. Bwana mwenye Kilatini alikuwa anapita mbele ya alichokitafuta, na mimi binti wa Marodoka nilikuwa najua na yeye hajui. Sikuwahi kupata anasa kama ile.

Basi tukaenda nyuma ya kona. Tulikwenda nyuma ya kona wiki tano. Tulikwama kwenye tope, tukang'atwa na mbu, tukala maandazi yaliyolowa. Zoky kila siku alipita upande wa mbali na kile kisiwa, na tulipokuwa sambamba nacho alipunguza pigo la upondo, maji yasipige kelele. Shangazi naye, ambaye nyumbani alikuwa akiwaita watu wa fady washirikina, hapo alivuta shiramani usoni akasoma Fatiha. Nilimuuliza siku moja anamsomea nani. Akanijibu kwamba maiti ni maiti, na mimi nishughulike na penseli zangu.

Na kila alasiri, Mungu ni shahidi yangu, wale korongo wakubwa walipita juu ya vichwa vyetu, mmoja mmoja, taratibu, wakiwa na vijiti midomoni, wakielekea kule tulikotoka. Vazaha aliinua darubini, akawasindikiza mpaka mikoko ikawaficha, akaniambia niandike kwamba jioni wanakwenda kulala baharini. Niliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Niliona ni kichekesho kikubwa. Nilikuwa nikifika nyumbani najifungia chumbani, nacheka peke yangu hadi mbavu zinaniuma.

Mwanzo wa wiki ya sita sikucheka tena. Vazaha alikuwa ameanza kufunga masanduku yake. Nikamkumbusha barua. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia kwa upole kwamba yeye ni mtu wa haki, na kwamba barua ya sifa ni jambo zito. Angependa sana kunisaidia. Lakini atasema nini? Kazi haikuzaa kitu. Hawezi kuweka sahihi yake chini ya kazi isiyozaa kitu. Labda mwakani, akirudi, tutaanza upya.

Mwakani ningekuwa nimeshajifungua mtoto wa kwanza wa mwenye duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa amekuja Ijumaa iliyopita, akakaa na shangazi barazani, na niliwasikia wakitaja mwezi wa harusi. Nilikasirika. Nilimkasirikia vazaha kwa ujinga wake, ilhali ujinga huo ndio niliokuwa nikiula kama halua kwa wiki tano. Nilimkasirikia zoky kwa kunitazama vile siku ya kwanza, kana kwamba tumekula kiapo. Nani alimwambia mimi ni mwenzake? Yeye ana makaburi yake, na mimi nina maisha yangu. Nilijisemea maneno mengi ya namna hiyo, yote ya busara.

Siku ya pili yake tulipofika sambamba na kisiwa, zoky akapunguza upondo na shangazi akavuta shiramani. Korongo mmoja alitua juu ya mti mrefu kuliko yote, akakunja miguu, akashuka ndani ya majani. Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kutosha, kwamba viota viko pale. Vazaha akageuka, akauliza pale wapi. Nikanyoosha kidole. Kidole cha shahada, mkono wa kulia, nilikinyoosha sawasawa kuelekea kile kisiwa, na nikakiacha hewani mpaka vazaha alipoona.

Upondo ulisimama. Sikugeuka nyuma kumtazama zoky. Nilisikia maji yakigonga ubavu wa ngalawa, na shangazi akikata kisomo chake katikati.

Vazaha aliamuru twende. Zoky akasema kwamba hapo chombo chake hakifiki. Nikatafsiri. Vazaha akatoa kibali chenye mhuri mpya, akamwonyesha, na zoky, asiyejua kusoma, aliutazama ule mhuri muda mrefu. Pale mhuri ulikuwa na nguvu, ukitoka kwa wakoloni au ukitoka kwetu. Akatupeleka mpaka ukingoni. Yeye mwenyewe hakushuka. Aligeuza mgongo kwa kisiwa, akachota maji mekundu kwa viganja, akanawa uso mara tatu, akabaki hivyo.

Vazaha aliingia na buti zake. Mimi nilimfuata na daftari, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Chini ya miti kulikuwa na mawe yaliyopangwa, ya zamani sana, yenye vinyesi vyeupe vya ndege juu yake, na kitambaa chekundu kilichochakaa kwenye mti. Juu yetu kulikuwa na viota, vikubwa vya vijiti, sijui vingapi, ingawa niliviandika. Korongo walipotusikia waliruka wote kwa wakati mmoja kwa kelele nzito ya makoo, wakatanda juu, wasiweze kuja wala kwenda. Vazaha akakanyaga jiwe ili afikie tawi la chini. Alipanda mti kwa wepesi ambao sikumdhania. Aliteremsha mayai, ya buluu iliyopauka, kwenye kopo lenye pamba, akiyabusu. Nasema alichokifanya: aliyabusu moja moja.

Tulikaa pale muda mrefu kupita kiasi, maana kila kiota kilipaswa kupimwa kwa utepe na mimi nikichore. Kunguru wakaja. Wao walikuwa wakingojea mtu wa kuwafukuzia wazazi, na sisi tulikuwa tumewafukuza. Walitembea kwenye viota vya mbali tusivyovifikia, wakala vilivyomo, mayai na makinda, mbele ya macho yetu. Vazaha aliwatazama kwa huzuni, akasema maumbile ni katili. Nilitaka kumpiga na daftari. Badala yake nikauliza kama niandike na hilo.

Wakati wa kurudi alikuwa amelewa kwa furaha. Alimpa shangazi peremende. Shangazi aliziweka juu ya ubao wa ngalawa, zikayeyuka hapo. Zoky alitushusha Mahajanga, akamsaidia shangazi kushuka kwa kumshika kiwiko kama kawaida yake, kisha akanyoosha mkono na kwangu pia, nishuke. Nikaushika. Akasema polepole, zandry, tope hapo linateleza.

Barua niliipata baada ya siku tatu, kurasa mbili kwa mashine ya chapa, na sahihi ndefu. Jibu la chuo lilikuja haraka kuliko nilivyotarajia: nafasi ipo, nifike. Mwenye duka la vitambaa alipewa taarifa akashika tumbo. Nilinunuliwa sanduku. Nilijisikia mwepesi, na ukiniuliza kama nilikuwa nikiota kunguru, jibu ni hapana. Nililala vizuri.

Siku moja kabla ya safari, baada ya chakula cha mchana, shangazi alinikalisha. Alikuwa ametoka sokoni, na sokoni kuna wanawake wa Katsepy wanaoleta samaki. Aliniambia walinzi wa yale makaburi walipeleka chakula cha mababu kisiwani, wakakuta alama za buti, jiwe lililopinduka, vijiti chini, na miti mitupu bila ndege hata mmoja. Waliuliza nani alipaonyesha. Katsepy nzima ilijua nani aliyekuwa akimchukua vazaha. Wakamwita, wakamuuliza ni kidole cha nani.

"Amesema ni chake," shangazi akasema.

Nikamwambia, kwa haraka mno, kwamba huenda hawakumwelewa.

"Wamemwelewa. Alisema aliyemo chomboni mwake yumo mikononi mwake. Amechinja ng'ombe wa kuwaomba radhi mababu, naye alikuwa na mmoja tu. Na ngalawa yake hakuna wa kuipanda tena, wala mke wake hachoti maji na wenzake mpaka wazee waseme. Wazee hawajasema." Alikuwa akizikunja shiramani mbili mpya, zile alizokuwa akiniwekea kwa harusi. "Kesho nakwenda Katsepy na boti ya asubuhi. Nitakaa chini mbele yao niwaambie ni mtoto wetu. Sijui watanipokea vipi. Utakuja?"

Nilimwambia gari la Antananarivo linaondoka asubuhi hiyo hiyo.

"Najua linaondoka lini," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza leo."

Alinipa nafasi ya kutosha. Alikunja ya kwanza, akakunja ya pili, akazifunga kwa uzi, akakata uzi kwa meno. Nilikuwa nikimdharau mwanamke huyu kwa miaka minane, kwa mwavuli wake, kwa msindanu wake, kwa kutojua kusoma gazeti. Nilisema nikienda naye nitapoteza nafasi yangu, na kwamba nikifika nitamwandikia zoky barua. Shangazi akaniuliza ataisoma nani. Kisha akanyanyuka akaenda kunifungia chakula cha njiani.

Asubuhi tulitoka pamoja, yeye akashika njia ya bandarini na mimi ya kituo cha magari. Sikwenda Katsepy, siku ile wala siku nyingine. Barua kwa zoky sikuiandika.

Mkuu wa chuo alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye miwani ya mnyororo. Aliisoma ile barua mbele yangu, kurasa zote mbili, akirudia mistari, nami nimesimama na vumbi la njia nzima miguuni. Alipomaliza aliniambia kwamba bwana yule amenisifu kwa jambo ambalo yeye halioni kwa wasichana wengi: kwamba nina macho ya kuona wasichokiona wengine, na moyo wa kukisema bila kuogopa. Akaniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli.